Boksi Zilizomwita Dorsey Crabtree

Hili ninalowaambia hamtaliamini, na wala siwalaumu. Lakini sisi watu wa Ansel, huku milimani Ozark, tuliliamini kabla kahawa haijapoa, kwa hiyo tulieni.

Jumatatu ya tatu ya Aprili, siku ya kufungua msimu wa bata mzinga, Verlene Crabtree alifungua duka lake la vifaa vya kuwindia saa kumi alfajiri kama miaka yote. Akawasha mashine ya kahawa. Akatoa trei ya biskuti nene kwenye oveni, akaweka pembeni sufuria ya mchuzi mweupe wa soseji. Halafu akachukua kisu, akapasua makatoni ya mwisho ya vitu vipya.

Mwaka huu vilikuja vingi. Kulikuwa na filimbi za kaakaa za kuitia ndege, zile za kipande cha mpira unachokibandika juu ya ulimi. Kulikuwa na boksi za mwerezi, ambazo ukikwaruza kifuniko zinalia kama jike anayeulizia mume. Kulikuwa na jike la plastiki lenye betri tumboni, unabonyeza rimoti linainama kama linakula. Kulikuwa na vidarubini vya kufunga juu ya bunduki, vyenye nukta nyekundu, na fulana za rangi ya majani zenye mifuko kumi na saba na mto wa kukalia umeshonewa nyuma. Verlene akavipanga vyote kwenye rafu, na kila kimoja akakibandika kipande cha utepe mweupe. Kwenye utepe hakuandika kitu.

Utepe yalikuwa mambo ya Dorsey, marehemu mumewe. "Siuzi nisichokijua," ndivyo alivyokuwa akisema. Kila kifaa kipya alikwenda nacho porini kwanza, akirudi anaandika hukumu yake kwa kalamu nene na kuibandika. *Sauti nzuri, mbao mbaya. Mto huu kaushona mtu asiye na makalio.* Kuna buti zililetwa miaka mitatu nyuma, nazo zikapata utepe wao: *Ya kushoto inalia. Hizi si za kuuza, ni za shemeji.* Kweli zikaenda bure kwa Eldon Pruitt, mdogo wake Verlene, na watu wakacheka wiki nzima.

Dorsey alikufa Aprili ya mwaka jana, akijaribu kifaa.

Kifaa chenyewe kilikuwa mkia. Mkia wa kweli wa bata mzinga dume, umekunjuliwa kama upepeo, umekazwa kwenye fremu ya chuma. Unaufunga mbele ya mtutu, unajificha nyuma yake, unatambaa shambani. Dume akiuona anadhani dume mwenzake kaja kumnyang'anya majike, anakuja mbio kupigana. Sasa, wazee wa Ansel walikuwa na sheria mbili tu: usinyemelee mlio, na usiwe na rangi za kichwa cha dume mwilini mwako, nyekundu, nyeupe au buluu. Porini wakati wa machipuko kila mtu ni ndege mpaka uso wake uonekane. Na ule mkia ulimfanya mtu kuwa ndege mzima. Aliyeuchagua kwenye katalogi ni Verlene, kwa sababu kila duka lilikuwa likiuuza. Dorsey aliugeuzageuza mkononi, akasema, "Hiki kifaa cha wapumbavu." Halafu, kwa kuwa hakuuza asichokijua, akaenda kuujaribu Jumamosi moja yenye ukungu.

Rafiki yake Rayburn alimkuta saa sita mchana, kwenye ukingo wa shamba la majani nyuma ya kanisa. Alikuwa amepigwa marisau, zile risasi ndogondogo za kuwindia ndege, shingoni. Mkia ulikuwa bado umesimama mbele yake, na utepe wake haujaandikwa. Daktari akamwambia Verlene kwamba hakufa palepale, alichukua kama saa nzima. Na kutoka pale mpaka kanisani ni mwendo wa dakika nne tu kuita watu.

Afisa wa wanyamapori aliwahoji wanaume arobaini. Wote arobaini walikuwa kwingine. Eldon alikuwa kalala nyumbani na homa. Kwa hiyo mwaka mzima Verlene alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: kumjua yule aliyemwona Dorsey pale chini akageuka akaenda zake.

Haya. Siku ile ya kwanza ya msimu, saa tatu asubuhi, Rayburn aliingia dukani na matope magotini, akaweka boksi ya mwerezi juu ya kaunta.

"Shemeji, hii mbovu. Naomba unibadilishie."

"Imefanyaje?"

"Imemleta Dorsey."

Verlene aliichukua, akaikwaruza mara moja karibu na sikio, akaiweka chini. "Kaja vipi?"

"Kwa miguu. Mimi nimekaa chini ya mwaloni, nimeita mara tatu, nikasikia majani yanachakachaka. Nikajua huyu hapa. Kumbe yeye, na kombati yake ileile, kashika shingo hivi. Akakaa pembeni yangu, akasema mto wangu mbaya."

"Na kingine?"

"Mto, shemeji. Saa nzima mto. Sasa ndege gani atakuja pale, vibabu viwili vinabishana habari za mto?"

"Hukumuuliza nani alimpiga?"

Rayburn alikuna kidevu. "Niliona haya. Mtu kaja mwenyewe na miguu yake, umshike na habari za kifo chake?"

Verlene akambadilishia boksi. Kufika saa saba mchana, muda wa sheria wa kuacha kuwinda, watu kumi na mmoja walikuwa wamerudisha vifaa. Filimbi ya kaakaa ilimleta Dorsey. Kibao cha jiwe, kile cha kukwaruza kwa kijiti, kilimleta Dorsey. Jike la plastiki lenye rimoti lilimleta Dorsey, akakaa nalo uso kwa uso, akasema shingo yake inageuka kama bundi. Wala hakuwa na ubaya na mtu. Alikuja, akakaa, akashika kifaa kipya, akatoa hukumu, na ilipofika saa saba akainuka akaenda zake. Shida ni kwamba alipokuwepo yeye ndege hawakuja karibu, hata ndani ya maili moja.

Rayburn alimrekodi kwa simu siku ya pili. Kwenye video hiyo inaonekana miti tu na goti la Rayburn, na sauti ya Dorsey ikisema zipu ya mfuko wa tisa itakatika kabla ya Mei. Ilizunguka kwenye kundi la simu la Ansel nzima. Watu wakaandika chini: ni kweli, ya kwangu imeshakatika.

Siku ile ya kwanza ni mtu mmoja tu aliyerudi na ndege.

Eldon aliingia saa sita na nusu na dume kubwa begani, miguu yake kaishika kwa mkono mmoja, kichwa kinaning'inia mgongoni. Sakafu ililia *nyii, nyii* kutoka mlangoni mpaka kwenye mizani. Sakafu ile ilikuwa na tabia ya kulia Eldon anapopita. Verlene alikuwa amemwomba mara mbili aje na misumari. Akaja, akaigongea vizuri, ikaendelea kulia.

Verlene alimpenda mdogo wake huyo. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na saba, Eldon tisa. Yeye ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Na tangu mazishi ya Dorsey, Eldon ndiye aliyempasulia kuni kila Jumamosi, akamzibia paa, akamkatia majani, wala hakuingia ndani hata kwa kikombe cha chai.

"Kilo kumi na moja na ushee," alisema Verlene. "Ndevu za kifuani sentimita ishirini na nane. Hongera."

"Bahati tu, dada."

Sheria ni ndege mmoja wiki ya kwanza, halafu mmoja tena mpaka mwisho wa msimu. Wiki ya pili, Jumatatu, Eldon akaingia na wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Hapo wanaume tisa walikuwa wamekaa na biskuti zao, na kati yao wote hakuna aliyekuwa amepata hata unyoya.

"Eldon," alisema Rayburn. "Wewe Dorsey hakujii?"

"Hapana."

"Hata kusalimia?"

"Hapana."

Wanaume wote tisa wakaangalia ndani ya vikombe vyao. Mashine ya kahawa ikakoroma ikanyamaza. Verlene alisimama nyuma ya kaunta ameshika kitambaa cha kufutia. Akamwangalia Rayburn, na Rayburn akawa anafikiri, ilionekana kabisa usoni kwamba anafikiri. Halafu akauliza.

"Kwani unatumia boksi gani?"

"Hizi hizi za mwerezi. Ya kifuniko chekundu."

Kufika jioni boksi zote za kifuniko chekundu zilikuwa zimekwisha. Verlene akapiga simu kuagiza nyingine.

Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu duka lile lijengwe, Verlene aliacha mlango wazi na sufuria ya mchuzi mezani, watu wajipakulie wenyewe, akaenda porini. Alikuwa ameuza vifaa hivi miaka thelathini na hajawahi kuita ndege hata siku moja. Alichukua fulana ya mifuko kumi na saba na boksi ya kifuniko cheusi. Akakaa kwenye ukingo wa lile shamba nyuma ya kanisa, mgongo kwenye mti, miti midogo yenye maua meupe imemzunguka. Akakwaruza.

Dorsey alikuja akitokea upande wa kanisani, kiganja shingoni kama mtu mwenye jino bovu.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Jike gani analia hivyo? Kama mlango wa ghala."

"Kaa basi."

Akakaa. Alinuka majani mabichi na mafuta ya bunduki, kama zamani. Akaichukua boksi, akachungulia ndani, akapuliza vumbi.

"Ile mikia inauzika?"

"Niliirudisha yote."

"Ahaa. Vizuri."

"Mimi ndiye niliyeuchagua, Dorsey."

"Na mimi ndiye niliyetambaa. Nilikuambia kifaa cha wapumbavu." Akairudisha boksi mapajani kwa Verlene. "Mbao hii si mbaya. Ila ipake chaki."

Verlene alikuwa amejiandaa mwaka mzima namna ya kuuliza, na maneno yote mazuri aliyoyaandaa yakapotea. Akasema tu, "Nani?"

"Sikuona uso. Ukungu ulikuwa mwingi, nami nilianguka kifudifudi. Nilisikia buti. Zilikuja mbio mpaka hapa, karibu na kichwa. Akasema 'Ee Mungu wangu', kwa sauti ndogo hivi. Akasimama. Halafu zikarudi polepole. Halafu mbio."

"Buti gani?"

Dorsey alimwangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wateja wanaouliza kitu ambacho tayari kimeandikwa kwenye utepe.

"Ya kushoto ilikuwa inalia."

Gogota alikuwa akigonga mti mahali fulani ng'ambo ya shamba. Verlene alimsikiliza mpaka alipoacha. Alifikiria ile sakafu. Alifikiria misumari iliyogongwa vizuri kwenye sakafu isiyo na kosa.

"Niliiandika mwenyewe ile," alisema Dorsey. "Hizi si za kuuza."

"Kwa nini humwendei?"

"Haniiti. Wengine wote wakikwaruza, ndani yake kuna kunikumbuka kidogo, hata Rayburn na ujinga wake. Eldon anaita ndege tu. Anakwaruza kwa nguvu kama mtu anayeimba ili asisikie kitu. Mimi husimama mbali, ng'ambo ya kijito. Ndege nao wananikimbia mimi, wanamwendea yeye. Basi anapata."

"Atashinda mashindano ya dume kubwa."

"Ndiyo. Ndevu sentimita ishirini na nane si mchezo."

Verlene ndipo akasema kwamba atakwenda kwa Eldon leo leo, amwambie anajua, amshike mkono ampeleke kwa afisa wa wanyamapori. Dorsey alikuwa akichuma majani kwenye goti la suruali yake, moja moja.

"Unaweza," alisema. "Ni haki yako. Ila ujue. Mimi pale chini nilidhani kaenda kuita watu. Nikangoja. Hicho ndicho ninachongoja mpaka leo, arudi aseme ni yeye. Siku habari hiyo ikisemwa, aseme yeyote, yeye au wewe, nitakuwa sina cha kungoja tena. Dume akishampata anayemtafuta haji tena kwenye mlio. Hata uite namna gani. Wewe muuza vifaa, unajua."

"Na isiposemwa?"

"Mkiita nitakuja. Kila machipuko, wiki tatu, mpaka saa saba mchana."

Verlene alihesabu kwa vidole kwenye mto wa fulana. Msimu ulikuwa umebaki na siku kumi na tatu, ukihesabu na hiyo.

Siku zote kumi na tatu alikwenda. Kila asubuhi alibeba vifaa vipya kwenye kapu, na roli ya utepe, na kalamu nene. Dorsey akivijaribu, Verlene akiandika. *Rimoti nzuri, ndege mbaya. Nukta nyekundu haisaidii asiyeona. Mfuko wa kumi na moja ni wa nini, waulize.* Siku moja mvua ilinyesha wakakaa chini ya hema jipya la kujifichia, akaandika kwamba linavuja kwenye mshono wa kaskazini. Mara moja tu Verlene alimshika mkono. Ulikuwa baridi kama chuma cha asubuhi, na bado ulikuwa na kovu lake la zamani la kisu cha samaki. Waliporudi kuongea, waliongea habari za zipu.

Jumapili ya mwisho duka lilijaa. Ni desturi aliyoianzisha Dorsey mwenyewe: mwenye dume kubwa kuliko wote, picha yake hutundikwa juu ya mashine ya fedha mwaka mzima. Iliyokuwepo ilikuwa ya Dorsey, ya miaka miwili nyuma, amepiga goti, anacheka na dume lake. Mwaka jana hakuna aliyeuliza habari za picha.

Saa saba kasoro robo Eldon aliingia. *Nyii, nyii, nyii* mpaka kwenye kaunta. Alikuwa amekonda tangu Jumatatu ile. Verlene alikuwa juu ya ngazi, msumari mdomoni, na picha ya Eldon na ndege wake wawili kwapani.

"Shuka, dada," alisema Eldon. "Usiitundike. Mwache shemeji palepale."

"Sheria ni sheria, Eldon," alisema Rayburn kutoka mezani, mdomo umejaa. "Au unaogopa sura yako mwenyewe?"

Watu wakacheka. Eldon hakucheka. Alivua kofia, akaikunja mara mbili, akaikunjua.

"Dada, kuna kitu nimelala nacho mwaka mzima."

Vicheko vikaisha. Rayburn akaacha kutafuna. Kila mtu dukani akaangalia buti za mwenzake.

"Ni habari za shemeji," alisema Eldon. "Ile Jumamosi mimi sikuwa na..."

Verlene akatoa msumari mdomoni.

"Nipe nyundo."

"Dada, nisikilize."

"Nimesema nipe nyundo, Eldon. Halafu nitilie kahawa, koo limenikauka."

Eldon alisimama na mdomo wazi. Alikuwa na miaka hamsini, na wakati ule alionekana tisa. Verlene alinyoosha mkono chini na kuuacha hapo. Mwishowe akapewa nyundo. Kisha sakafu ikalia taratibu kuelekea kwenye mashine ya kahawa.

Verlene aliishusha picha ya Dorsey, akagonga msumari mpya, akatundika ya Eldon. Akainyoosha. Watu walipiga makofi, Rayburn kwa nguvu kuliko wote, na katika kupiga makofi kwake kiwiko kikaikumba boksi ya mwerezi iliyokuwa kwenye kaunta, kifuniko kikakwaruza mara moja.

Dorsey akaja akasimama nje ya kioo, kati ya pikapu mbili, kiganja shingoni. Aliangalia ndani. Aliiangalia picha mpya pale juu, na buti za Eldon aliyekuwa ameligeuzia dirisha mgongo akikoroga kahawa, halafu akamwangalia Verlene kwenye ngazi. Verlene akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile roli ya utepe, akaiinua kidogo amwonyeshe kwamba bado ni nene. Dorsey akatikisa kichwa kukubali. Rayburn alimpungia mkono. Ilipogonga saa saba akaondoka kwa kupita upande wa kanisani.

Eldon bado anampasulia kuni kila Jumamosi, na bado anavaa buti zilezile. Mara tatu zaidi ameanza kusema, na mara tatu ametumwa kitu. Mwakani kuna boksi mpya za mti wa jozi zinakuja, Verlene ameziagiza nyingi.

Haya, nyie mnaonisikiliza. Mngekuwa nyie juu ya ile ngazi, na msumari mdomoni, mngemwacha aseme?